Mwano wa Ikoma Ulipofika Susuni

Kwenye kadi ya Mokami neno iroe lilikuwa na maana nne na machimbuko matatu, na hapakuwa na hata moja lililokubaliwa na watu wote.

Nyamisangura, alikozaliwa na kukulia, wanawake wa sokoni walilitumia kwa utani. Mteja akizibonyezabonyeza nyanya kisha akaondoka bila kununua, muuzaji humnong'oneza mwenzake "iroe", wakacheka. Seremala mmoja wa Mugumu alisema kwamba kwa babu yake lilikuwa neno la kuwaita majirani waje kuvuna ulezi. Ikoma, karibu na geti la hifadhi, mzee aliyewahi kuwa askari wa wanyamapori alisema ni ukelele wa kuwafukuza tembo shambani. Katika daftari la zamani la kanisa, mtu asiyejulikana alikuwa ameliandikia maana ya neno moja tu: mwizi. Na chimbuko je? Seremala alisema lilikuwa jina la fahali. Mzee wa Ikoma alisema lilikuja na watu waliovuka mto Mara miaka mingi iliyopita. Mwenye daftari alikisia kuwa ni la Kijaluo, asitoe sababu.

Mokami alikuwa na miaka thelathini na saba, mwalimu wa lugha katika chuo kimoja, na kwa miaka mitatu alikuwa akikusanya maneno ya zamani ya Tarime na Serengeti kwa ajili ya kamusi. Hakuamini hadithi tamu. Aliamini watu watatu wa mahali patatu, wasiojuana, wakisema jambo lilelile. Kwa hiyo alikuwa na utaratibu: akimrekodi mtu mmoja, huipeleka sauti ile kwa mwingine aliye mbali, asimwambie chochote, amwulize tu, hiki ulichosikia ni nini? Chini ya kadi ya iroe, kwenye nafasi ya hali ya neno, alikuwa ameandika kwa wino: "Limebaki la utani tu. Matumizi ya awali yamekufa." Alifikia uamuzi huo kwa sababu hakuna mtu chini ya miaka sitini aliyekubali kulitamka mbele yake kwa sauti ya juu. Kwamba watu wanaweza kuacha kulitamka neno kwa sababu bado linafanya kazi, hilo halikumjia akilini.

Siku ya Alhamisi, saa nane mchana, alikuwa Susuni, nyumbani kwa mzee Magige Waitara. Aliletwa na Dullah Swaleh, dereva wa bodaboda wa Tarime mjini, mtu mzima wa miaka hamsini ambaye babu yake alikuja kutoka pwani na cherehani yake asirudi tena. Kwa miaka yote mitatu Mokami hakuwa amesafiri na mtu mwingine.

"Mwalimu, tairi la nyuma linanywea," alisema Dullah. "Nashuka pale dukani kwenye kivuko nikajaze upepo. Nusu saa tu."

"Nusu saa yako au ya saa?"

"Ya saa, wallahi."

Gati, mke wa mwana wa mzee, alikuwa nje akianika ulezi kwenye turubai. Akamwinulia mkono Dullah. "Shemeji! Ukikutana na ng'ombe simama. Huku ng'ombe ndiye mwenye barabara."

"Nitamwamkia kabisa. Shikamoo ng'ombe."

"Atakuitikia, wewe subiri tu!"

Dullah akaondoka. Ndani, Mokami aliweka simu juu ya meza, mbele ya mzee, akabonyeza. Magige aliinamisha kichwa na kutega sikio moja, kisha la pili.

"Huyo ni mbu," alisema. "Masikio yangu, mwanangu, yameshachoka. Ongeza."

Mokami alikuwa na spika ndogo ya kuchaji, kubwa kidogo kuliko kikombe, aliyoinunua kwa ajili ya wazee wa namna hiyo. Akaiunganisha, akaiweka dirishani ili isisumbuliwe na mwangwi wa bati, akaifungulia mpaka mwisho.

Yule mzee wa Ikoma alikuwa amekataa kulitamka neno akiwa amekaa. Alisimama, akajaza kifua, akalitoa kama alivyokuwa akilitoa zamani mbele ya tembo. Sasa lilitoka vilevile, refu, likipanda: "Irooooe! Irooooe!"

Kikombe cha mzee Magige kilianguka. Hakusema ni nini. "Zima," alisema. "Zima hicho kitu!"

Mokami alizima. Lakini nje Gati alikuwa ameshasimama katikati ya ulezi wake, viganja viwili kando ya mdomo, naye akalitoa kwa nguvu zilizowaondoa kuku wote uani. Kabla hajamaliza, nyumba ya jirani iliitikia. Kisha nyingine ng'ambo ya bonde. Kisha mgongo wa kilima wote.

"Gati! Ni simu! Ni simu tu!"

Gati aligeuka, amepauka. "Simu?"

"Ni sauti niliyorekodi. Hakuna kitu. Waambie waache."

"Niwaambieje, dada? Nimeshaitikia." Aliitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. "Ukisikia unaitikia. Unauliza baadaye."

Kwa maisha yake yote Mokami alikuwa amesikia habari za mwano, kama mtu wa mjini anavyosikia habari za mashambani: ng'ombe wakiibiwa, watu hupiga ukelele na kukimbia. Hakuwa ameujua mpango wake. Sasa aliuona kwa macho, na uliogopesha kwa sababu haukuwa na fujo. Hakuna aliyekuja kuuliza. Wanaume walitoka majumbani mwao na mikuki, pinde na mapanga, kila mmoja akashika njia yake, na njia zote ziliteremka upande mmoja.

"Wanakwenda wapi?" aliuliza.

"Kivukoni," alisema mzee Magige. "Ng'ombe wa wizi hupitia wapi pengine?"

Mokami alipiga simu. Iliita mara nne. Alizihesabu.

"Mwalimu," sauti ya Dullah ilisema, nyuma yake injini ikinguruma. "Huku kuna jambo. Watu wanashuka mlimani na mapanga. Niwahi nije huko juu, au nivuke?"

Alikuwa mgeni, juu ya pikipiki, kwenye kivuko, na hakuna mtu hapo aliyemjua kwa jina. Mzee Magige alimshika kiwiko.

"Yuko wapi yule wa pikipiki?"

"Kivukoni."

"Mwambie azime. Akae chini. Asichuchumae, akae, matako yaguse udongo. Aliyekaa hapigwi mpaka mwenye mwano afike amtambue. Anayekimbia hana wa kumwuliza."

Mokami aliyarudia maneno hayo neno kwa neno. Dullah alianza kucheka. "Nikae kwenye matope, mwalimu? Suruali hii mke wangu—"

"Kaa, Dullah! Kaa sasa hivi!"

Alisikia injini ikizimika. Alisikia miguu mingi na mtu akifoka. Kisha kitu kikagonga kitu, na simu ikakatika.

"Mwenye mwano ni nani?" alimwuliza mzee, ingawa alikuwa ameshajua.

Magige aliinyooshea spika kidole. "Hicho hakina miguu. Kwa hiyo ni wewe. Wahi."

Walikimbia, yeye na Gati, kilomita mbili za kuteremka kati ya mihogo na mahindi. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, na udongo ulishika viatu. Gati alisema huku akihema kwamba kulikuwa na mtu mmoja zamani, kabla yeye hajaolewa, aliyepiga mwano wa uongo kwa ulevi. Walichoma ghala lake na nyumba yake, akahamia Kenya na hakurudi hata kumzika mama yake.

"Tuseme tumemwona mtu," alisema Gati. "Tuseme tumeona mtu zizini, akakimbia. Hawatatufanya kitu."

"Na mtu huyo watasema ni nani?"

Gati alifikiri hatua tatu au nne. "Yesu wangu," alisema, na hakulirudia wazo hilo.

Kivukoni walikuwapo wanaume kama sitini. Dullah alikuwa amekaa katikati yao, miguu imenyooka mbele kama ya mtoto, mikono kichwani. Mkono wa kushoto haukupanda sawasawa na wa kulia. Rungu moja lilikuwa limemfikia begani kabla hajakaa vizuri. Uso wake ulikuwa wa kijivu, na alipomwona Mokami hakuita. Alimtazama tu, kama mtu anayeogopa kwamba hata jina likitajwa vibaya litamwua.

Kiongozi wa sungusungu aliitwa Mseti, mwanamume mfupi aliyevaa buti za mpira na sweta iliyokuwa ya shule fulani. "Mwenye mwano?" aliuliza, si kwa sauti kubwa.

"Mimi," alisema Mokami.

"Umeibiwa nini?"

"Sijaibiwa kitu."

Aliona mara moja kwamba makelele yangekuwa nafuu. Duara la watu likasogea. Mtu wa nyuma alihamisha panga kutoka mkono huu hadi ule. Mokami alieleza kwa mpangilio, kama anavyofundisha: kamusi, mzee wa Ikoma, tembo, spika, dirisha. Alipomaliza, Mseti alisema, "Ipige tusikie."

"Piga!" walisema wengine. "Tusikie hiyo simu!"

Aliitoa, kidole kikafika kwenye kioo, kikasimama. Ng'ambo ya mto walikuwa wamesimama watu wengine, wa kijiji kingine, waliokuja kwa mwano uleule na ambao hawakuwa wameelezwa lolote. Ushahidi wake wote ulikuwa katika sauti ile, na sauti ile ingewarusha watu wa ng'ambo majini na mikuki mikononi.

"Siwezi kuipiga hapa," alisema. "Nikiipiga mtaitikia."

"Unatuficha?"

"Njoo uisikilize peke yako. Sikioni."

Aliishusha sauti mpaka chini kabisa, akambandika Mseti simu kwenye sikio. Mseti alisikiliza amefumba macho. Ghafla kifua chake kikajaa, mdomo ukafunguka, na akajiziba kwa kiganja chake mwenyewe, kwa nguvu, mpaka macho yakamtoka. Wanaume waliona. Hakuna aliyecheka.

"Huyu anayeita ana shida kweli," alisema alipoweza kusema.

"Ni tembo," alisema Mokami.

"Tembo si shida?" Akamrudishia simu kwa vidole viwili. "Sawa. Ni simu. Lakini mwizi naye ana simu. Nimeshawaza, mwalimu: wewe unatuita wote huku mtoni, na wenzako wanapita kule juu na ng'ombe wetu. Zimeitikia nyumba kumi na moja za upande huu. Nenda nyumba kwa nyumba, wahesabu mazizi mbele yako. Zikitimia zote, huyu anasimama anakwenda kwake. Akipungua hata ndama mmoja, huyu ndiye mwizi wetu, na wewe ndiye uliyemleta."

"Na mpaka hapo?"

"Mpaka hapo amekaa."

Gati alikwenda naye, na mwanamume mmoja mwenye upinde ambaye hakujitaja jina. Nyumba ya kwanza ilikuwa na ng'ombe kumi na wanne, na kumi na wanne walikuwapo. Ya pili tisa, tisa. Katika kila lango ilimbidi aseme mwenyewe, kwa mdomo wake: "Mimi ndiye niliyepiga mwano. Haukuwa na kitu. Naomba tuhesabu." Wanawake walimtazama kuanzia viatu hadi kichwa. Mmoja alitema mate chini. Mwingine alicheka kwa uchungu, akasema watu wa mjini sasa wamekosa hata cha kuchezea. Mokami hakujitetea. Alihesabu kwa kugusa mgongo wa kila ng'ombe, kisha akahesabu tena kutoka mwisho kwenda mwanzo, kwa sababu hofu humfanya mtu aone nambari anayoitaka. Nyumba kumi zilitimia.

Ya kumi na moja ilikuwa ya Waisiko, mjane, pembeni kabisa, karibu na kijito.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ni wewe?"

"Ni mimi. Mwano haukuwa na kitu. Una ng'ombe wangapi, mama?"

"Saba."

Walikuwa sita. Mokami aliwagusa tena. Sita.

"Mtamba mwekundu hayupo," alisema Waisiko taratibu, kisha akaelewa alichokisema, akashika shavu.

Mwenye upinde aligeuka aanze kushuka. Mokami alimkimbilia mbele akasimama njiani. Hakuwa amewahi kumzuia mwanamume mwenye silaha.

"Nipe muda niangalie ardhi," alisema. "Kama kuna nyayo za mtu, nitashuka mwenyewe niseme. Muda kidogo tu, kaka."

Mwanamume alilitazama jua, akainua mkono, akapima kati ya jua na mgongo wa kilima. Vidole vitatu, ndio muda wake. Akakaa juu ya jiwe.

Mokami alirudi kwenye nguzo alipokuwa amefungwa mtamba. Kipande cha kamba kilikuwa kimebaki. Ncha yake ilikuwa imechambuka nyuzi nyuzi, zingine ndefu zingine fupi. Kisu hakikati hivyo.

"Mama, ulipoitikia ulikuwa umesimama wapi?"

Waisiko alionyesha. Palikuwa hatua mbili kutoka kwenye nguzo. "Nilikuwa namkama ng'ombe wa pembeni yake," alisema. "Nikainuka nikapiga. Kwa nguvu zangu zote, mwanangu. Labda nilimpigia sikioni."

"Hukumwona akikimbia?"

"Nilikuwa nakimbilia lango nilifunge."

Kwato zilikuwa zimezama kwenye udongo laini, mbali mbali, za mnyama anayekimbia. Kando yake hapakuwa na unyayo wa mtu, wala wa kiatu wala wa mguu mtupu. Walizifuata hadi kwenye pengo la ua, hadi kwenye kijito. Hapo ndipo zilipopotea. Mazizi mawili ya jirani yalikuwa yamepitisha mifugo palepale saa ileile, na ukingo wote ulikuwa tope lililofinyangwa. Mokami aliinama, akatafuta, akainama tena. Aliona kwato mia moja na hakuweza kusema ni zipi za mtamba. Akainua macho: vidole viwili. Alimwona Dullah amekaa kule chini, mikono kichwani, bega limeshuka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alilia, bila sauti, kwa sababu hakuna aliyetaka kusikia sauti nyingine.

"Mwite, mama," alisema Gati. "Si ana jina?"

"Nimwite leo?" Waisiko alitikisa kichwa. "Nikipaza sauti hapa watarudi wote." Akaingia ndani, akatoka na kopo la chumvi, akaanza kulitikisa. Chakachaka, chakachaka. Akatembea ukingoni polepole, akisimama, akitikisa, akisikiliza. Mara tano. Mara sita.

Ng'ambo ya kijito shamba la mihogo lilitikisika. Kichwa chekundu kikatokea, majani yakining'inia mdomoni, na kipande cha kamba kikiburuzika shingoni.

Mwenye upinde alikuwa ameshasimama. Alisema maneno yake ya kwanza na ya mwisho: "Aende naye chini. Mseti amwone kwa macho."

Kwa hiyo Mokami alimswaga mtamba mpaka kivukoni, yeye nyuma na Waisiko mbele na kopo, na jua lilikuwa limegusa kilima walipofika. Baadhi ya wanaume walikuwa wamekwenda zao. Waliobaki nao walikuwa wamekaa chini, silaha magotini. Gati alisimulia baadaye alivyoambiwa: saa ya alasiri ilipofika Dullah aliomba ruhusa aswali, na Mseti akamjibu aswali akiwa amekaa, Mungu anaona hali.

Mseti alimzunguka mtamba. Akachukua ncha ya kamba iliyokuwa shingoni na kipande cha nguzoni, ambacho Waisiko alikuwa amekifungua na kukileta, akazilinganisha nyuzi. Akampitishia mnyama mkono mgongoni.

"Kumi na moja," alisema. Kisha akamgeukia Dullah, akamwita kama wanaume wa kule wanavyoitana. "Simama, mura."

Dullah alijaribu, akashindwa. Miguu ilikuwa imekufa ganzi. Wanaume wawili waliweka mapanga yao chini, wakamwinua kwa kwapa, kwa uangalifu kwa upande wa bega bovu, wakamshikilia mpaka damu iliposhuka.

"Umetunza adabu," mmoja wao alimwambia. "Wengine hukimbia."

Dullah alimtazama mtu huyo. "Nilitaka," alisema.

Mseti hakumchomea Mokami kitu wala kumpiga. Alimwambia tu kwamba siku akirudi Susuni, aanzie kwake. Kisha akauliza pole pole, kana kwamba hakutaka wenzake wasikie, kama yule mzee wa Ikoma tembo walimharibia shamba.

"Nusu yake," alisema Mokami. "Zamani hizo."

"Na watu walikuja?"

"Alisema walikuja wote."

Mseti akaitikia kwa kichwa na kuondoka.

Mokami alimtoa Dullah kwenye duara la watu, akamfunga mkono kwa kitenge chake. Hakuweza kuendesha kwa mkono mmoja, na Mokami hakujua kuendesha kabisa. Kutoka pale mpaka barabara kubwa, ambako wangepata gari la kumfikisha hospitali, ni kilomita tatu. Gati alisema angeweza kumpata kijana wa kuwaendeshea.

"Hapana," alisema Dullah. "Hapana, shemeji. Injini hii wataisikia hadi kule juu."

Kwa hiyo waliisukuma. Mokami alishika usukani, Dullah akaisukuma kwa nyuma kwa mkono mzima. Walipita chini ya nyumba zile kumi na moja, malango yote yamefungwa, na kila mara jiwe lilipoteleza chini ya tairi walisimama wote wawili, wakashika pumzi, wakasikiliza.